Unauza programu, au unauza watu?

Ukimuuliza mtu aliyeuza programu yake ya simu ameuza nini, atakujibu upesi: jasho langu. Sibishi. Ila jibu hilo halijakamilika.

Chukua Dark Sky. Wamarekani wawili, Adam Grossman na Jack Turner, walichangisha fedha Kickstarter mwaka 2011 watengeneze kitu kidogo tu: simu ikuambie mvua itaanza lini hapo uliposimama, baada ya dakika ngapi. Basi. Walichukua picha za rada za serikali ya Marekani, zilizo wazi kwa yeyote, wakaongeza hesabu zao. Watu wakainunua, wakaizoea. Machi 2020 Apple ikainunua yote. Wenye Android wakafungiwa Agosti mwaka huohuo. 2023 ilipoanza, hata kwenye iPhone haikuwepo tena, mambo yake yakiwa yamehamia kwenye programu ya Apple yenyewe. Kisheria hakuna aliyedhulumiwa. Na mvua, tukubaliane, si siri ya mtu.

Lakini kuna programu zinazobeba siri.

Rafiki yangu hapa Dar alitengeneza ya kuweka hesabu za vikoba: nani kanunua hisa ngapi, nani kakopa, nani anasumbua kurejesha. Miaka mitatu aliisambaza kwa miguu yake. Anakaa mkekani na akina mama, anawaelekeza, na usiku anapigiwa simu na mweka hazina aliyesahau neno la siri. Sasa kapata mnunuzi, kampuni ya kukopesha kwa simu. Mnunuzi hakuuliza hata mara moja programu inafanyaje kazi. Aliuliza vikundi viko vingapi, na kumbukumbu zinarudi nyuma miaka mingapi.

Sheria ipo. Ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zitumike kwa kusudi lililokusanyiwa. Ila nani kati yetu husoma kabla ya kubonyeza “nakubali”? Mama aliyechelewesha rejesho kwa sababu ya msiba aliwaambia wenzake thelathini, uso kwa uso. Hakuwaambia watu wa kausha damu.

Pwani kuna desturi ya zamani: mtu anaweza kumiliki minazi iliyosimama kwenye ardhi ya mwingine. Akitaka kuuza, auze minazi. Udongo una mwenyewe. Kwangu mimi, programu ni minazi ya rafiki yangu. Aliipanda, aimwagiliaye ni yeye. Madeni ya akina mama ni udongo.

Kuna watakaosema namtaka awe mtakatifu mwenye njaa. La hasha. Ana ada za watoto, na hela anastahili, tena nzuri. Nilichomwambia ni kwamba kila kikundi kiulizwe waziwazi, kwa Kiswahili cha kikaoni, kama kinataka kuhamia kwa mwenye mali mpya. Kikikataa, kikabidhiwe hesabu zake na zifutwe huku.

Akampelekea mnunuzi pendekezo hilo. Jibu lilikuja siku hiyohiyo: programu tupu, bila kumbukumbu, ataitolea robo ya bei.

Robo tatu iliyobaki ni ya nani? Mimi na yeye tunabishana mpaka leo.