Tawi Unalolikanyaga

Wanangu mnaojenga tovuti na mifumo hapa Pemba, kaeni nikwambieni.

Nimekulia chini ya mikarafuu. Kabla sijaruhusiwa kupanda, baba alinifunza kwamba mkarafuu ni mwepesi kukatika. Tawi hulijaribu kwa mguu kabla hujalipa mwili. Waliopuuza tuliwateremsha kwa machela. Nimetunza seva za Linux miaka mingi, na nasaha yangu kwenu ni hiyohiyo.

Programu yako ya mistari mia tano imesimama juu ya maktaba za watu usiowajua, na kila maktaba nayo imeegemea nyengine. Hivyo ndivyo vitegemezi. Machi 2016 mtu mmoja aliondoa kifurushi chake cha mistari 11 kwenye hazina ya npm, kazi za watu zikakwama dunia nzima. Machi 2024 mlango wa siri ulikutwa ndani ya xz, zana ya kubana mafaili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Mhandisi mmoja wa programu, Andres Freund, aliunasa kwa kuwa kuingia kwenye seva kulichelewa kama nusu sekunde, naye hakulipuuza hilo.

Wazanzibari tunayajua mambo haya. Unguja ilitegemea waya mmoja wa umeme kutoka bara. Ulipoharibika Desemba 2009, kisiwa kilikaa gizani kama miezi mitatu. Tarehe 12 Mei 2024 zikakatika nyaya za intaneti za EASSy na Seacom chini ya bahari, intaneti ya Tanzania ikazorota. Seva inayopakua maktaba zake upya kila inapowashwa, siku kama ile itapakua kwa nani?

Na mimi niliwahi kukosa. Msimu wa karafuu mmoja, mfumo wa malipo ya wakulima uko mikononi mwangu, niliiamrisha seva isasishe kila kitu bila ya kuweka nakala. Maktaba moja nisiyoijua hata jina ikabadilika, mfumo ukasimama. Watu wakangoja juani na magunia yao. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, ni wewe uliyegusa?" Nikamjibu ni mimi. Upole wake ulinichoma kuliko matusi.

Basi shikeni haya. Faili la kufuli, liwe package-lock.json au composer.lock, lihifadhini pamoja na msimbo, ili seva ipate matoleo yaleyale mliyoyajaribu. Kila mradi wa Python uwe na venv yake. Msizichanganye maktaba zenu na za mfumo, kwani zana nyingi za Ubuntu zinaitegemea Python hiyohiyo. Sasisheni kwanza kwenye seva ya majaribio, mchukue nakala, ndipo muiguse seva ya kazi. Vifurushi mnavyovihitaji viwekeeni akiba hapahapa kisiwani. Na kabla ya kuongeza kitegemezi, ulizeni: nani anakitunza, na kazi hii siwezi kuiandika mwenyewe?

Lakini kufunga matoleo si ruhusa ya kulala. Dawa ya ufa wa maktaba ya Apache Struts ilitoka Machi 2017. Kampuni ya Equifax ya Marekani haikuitia kwenye mfumo wake, na habari za watu wapatao milioni 147 zikaibiwa. Linux ya CentOS 8 nayo iliachwa na wenyewe tarehe 31 Desemba 2021. Anayeiendesha mpaka leo amekaa juu ya tawi kavu. Tengeni siku maalumu kila mwezi ya kukagua mlivyonavyo, na asikuvunjieni mtu siku hiyo.

Wanangu, jina la mkulima lililomo kwenye hifadhidata yenu ni amana. Yeye haijui npm wala apt, anakujueni nyinyi. Mfumo ukianguka, aliyeandika maktaba yuko ng'ambo, hatamwona. Atakuja kwenu na gunia lake, na swali lake la upole. Mwenyezi Mungu akujaalieni siku hiyo muwe na jibu.