Samaki akilizidi tangi, amana haiishi kwa kumuuza

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, wa nchi kavu na wa majini. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, masahaba zake na kila mwenye kufuata mwenendo wake.

Ndugu msomaji, maswali yanayonifikia baada ya darsa mara nyingi ni ya talaka, mirathi na mikopo ya riba. Safari hii nimeulizwa juu ya samaki. Waliokuwa karibu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ndani ya swali lile mna mambo mazito ya sheria: amana, haki ya kiumbe, biashara, na madhara kwa wengine.

Muulizaji ni mama mmoja wa hapa Dar es Salaam. Mwanawe alinunua samaki mdogo wa dhahabu, wa ukubwa wa kidole, akamweka katika tangi la kioo sebuleni. Miaka saba imepita. Kijana yuko chuoni mkoani, samaki amefika sentimita 25, na tangi ni lile lile. Mama amepata mnunuzi, mwenye saluni, anayetaka kumweka mapokezi katika tangi lisilozidi hilo. Yupo pia mzee mwenye bwawa la saruji uani kwake, chini ya mwembe, lakini huyo hana fedha ya kutoa. Jirani anasema, mkaange. Shemeji anasema, katupeni mtoni. "Ustadh," akaniuliza, "lipi hapo halina dhambi? Maana fedha ya saluni ingenifaa kwa nauli ya mtoto."

Kwanza tumjue kiumbe mwenyewe. Samaki huyu asili yake ni China, alikofugwa kwa zaidi ya miaka 1,000. Si samaki wa bakuli kama tunavyoonyeshwa katika picha. Akitunzwa anaweza kufika sentimita 30, na huishi miaka 10 hadi 20, pengine zaidi. Huko Uingereza mmoja aliyeitwa Tish alikufa mwaka 1999 akiwa na miaka 43. Wapo wanaodai kuwa samaki hukua kwa kadiri ya tangi kisha akatulia kwa raha. Si kweli. Anayedumaa katika tangi dogo amedumazwa na dhiki na maji machafu. Samaki hutoa amonia mwilini mwake, na maji yakiwa machache sumu hiyo humchoma mashavu anayopumulia.

Tangi la mama yule lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kina 30. Hata ukilijaza pomoni ni lita 54. Samaki wa sentimita 25 katika upana wa sentimita 30, akitaka kugeuka ni lazima ajikunje. Wafugaji wazoefu humtakia samaki mkubwa namna hiyo lita 300 na zaidi, au bwawa.

Sasa dini yetu inasemaje? Kufuga si haramu. Katika nyumba ya Abu Talha kulikuwa na mtoto, Abu Umayr, aliyekuwa na kindege chake cha kuchezea, na Mtume (s.a.w.) hakumkataza. Kindege kilipokufa, alimwuliza habari zake kwa upole. Wanazuoni wamechukua hapo dalili ya kujuzu kumfuga ndege, maadamu hateswi. Lakini Mtume huyo huyo (s.a.w.) ametupa habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie. Kosa lake halikuwa kuwa na paka. Kosa ni kumzuia kiumbe asijisaidie, kisha na yeye asimsaidie. Na samaki wa tangini, ndugu zangu, hawezi kutoka hata hatua moja kwenda kujitafutia nafasi. Hata kulia hasikiki.

Sheikh Izzuddin bin Abdissalaam, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii aliyefariki mwaka 1262, amezitaja haki za wanyama juu ya mwanadamu. Miongoni mwake ni kulishwa hata akizeeka au akiugua na faida yake ikaisha, kutochanganywa na mwenye kumdhuru, na kutengenezewa vizuri mahali pake pa kukaa. Tazama hiyo ya mwisho. Mahali pa kukaa ni haki ya mnyama, na haki haipimwi kwa chombo tulichokuwa nacho tangu zamani. Hupimwa kwa hali yake ya leo.

Na mafakihi wamesema kuwa mwenye mnyama akishindwa kumhudumia, ana njia tatu: amhudumie, amuuze, au amchinje akiwa ni wa kuliwa. Kumwacha ateseke si mojawapo ya njia hizo. Tuyapime basi yale manne ya mama yetu.

Kumkaanga: samaki ni halali na hahitaji kuchinjwa. Lakini huyu ametibiwa mara kadhaa kwa dawa za tangi, ambazo hazikutengenezwa kwa ajili ya samaki wa mezani. Tumetakiwa tule kilicho halali na kizuri, siyo halali peke yake.

Kumtupa mtoni: wengi hudhani ni huruma. Akitupwa baharini atakufa, kwa sababu ni samaki wa maji baridi. Akitupwa mtoni au ziwani, akiishi, huenda madhara yakawa makubwa zaidi. Mwaka 2021, mji wa Burnsville katika jimbo la Minnesota, Marekani, uliwaomba wakazi wake waache kutupa samaki wa dhahabu ziwani, baada ya kuwakuta wakiwa wakubwa ajabu, wakichimbua matope ya chini na kuchafua maji. Na sisi hatuhitaji kwenda Marekani. Sangara alitiwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na ameshiriki pakubwa kutoweka kwa aina nyingi za samaki wadogo waliokuwa humo. Uislamu hauruhusu kuondoa dhara kwako kwa kulihamishia kwa mwenzio.

Kumuuza: inajuzu. Kilichokatazwa ni kumuuza samaki aliye mtoni au baharini, ambaye hajashikwa wala hajulikani. Aliye tangini anaonekana na anashikika. Lakini masharti yapo. Kwanza, mali ni ya nani? Samaki ni wa kijana, mama amewekewa amana tu. Basi hana ruhusa ya kumuuza wala kumgawa mpaka amwulize mwenyewe. Pili, aib isifichwe. Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika lundo la nafaka sokoni akakuta unyevu ndani, akamwonya muuzaji kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Kama samaki amewahi kuugua, kama huelea upande akishiba, mnunuzi aambiwe. Tatu, ukijua kwa yakini kuwa anakokwenda ni dhiki ile ile, umeuza dhiki. Qur'an, katika Suratul Maida, imetukataza kusaidiana katika dhambi.

Nilimwambia mama: "Mwenye saluni mwulize kwanza. Akikubali kuleta tangi kubwa, muuzie na fedha yako ni halali. Akikataa, mpe mzee." Naye alimuuliza, akakataa. Nisingependa kujifanya kuwa fedha ile ilikuwa ndogo kwa mama anayesomesha. Lakini tangi tupu na pampu yake ni mali pia, na linawafaa samaki wadogo. Liuzwe hilo, na anayelinunua aambiwe ni la samaki wa aina gani. Kijana alipopigiwa simu alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mama, mpe mzee. Nikija likizo nitakwenda kumtazama."

Kwa wenye tatizo kama hili, nawausia haya. Usimlishe samaki siku moja kabla ya safari. Mtie katika ndoo yenye kifuniko, kwa maji ya tangi lake mwenyewe, na umhamishe asubuhi au jioni jua likiwa limepoa. Ukifika, changanya maji ya bwawa kidogo kidogo ndani ya ndoo kabla ya kumwachia. Maji ya bomba yenye klorini yasimpate kabla ya kutiwa dawa ya kuiondoa. Asichanganywe na samaki wadogo, atawameza. Na bwawa liwekwe wavu, kwa ajili ya paka na kunguru.

Huenda msomaji akasema, Ustadh, umma una matatizo makubwa, nawe unajaza ukurasa kwa samaki! Namjibu kwamba yule mwanamke hakuulizwa juu ya umma. Aliulizwa juu ya paka wake. Atakayezoea kumwona kiumbe anabanwa mbele ya macho yake, akapita na kikombe cha chai, hatashindwa kesho kumlaza binti wa kazi stoo juu ya magunia.

Basi kabla hujamnunulia mtoto samaki, ndege au sungura, muulize muuzaji atakuwa na ukubwa gani na ataishi miaka mingapi. Kama huwezi kumpa nafasi hiyo, muache dukani. Na kama ameshakua mikononi mwako, mtafutie pa kukaa leo. Allah (s.w.) atujaalie tuwe wenye kutekeleza amana, kubwa na ndogo.

Wabillahi tawfiq.