Bundi na Amri ya Kwanza

Bundi akilia juu ya paa usiku, wengi wetu tunajua kitakachofuata. Anatafutwa kwa mawe na manati, na akipatikana anauawa. Hakuna anayeuliza kosa lake. Inatosha kwamba amelia.

Kule Kiongoroni, katika delta ya Rufiji, mpunga hulindwa kwenye madungu. Mlinzi huwafukuza ndege mchana na nguruwe usiku, lakini panya hamwoni. Bundi humsikia panya gizani, akamshukia kwa mabawa yasiyo na kishindo. Basi yule tunayemwita ndege wa wachawi hulinda chakula chetu bila ujira. Na mlio wake ni wa kumwita mwenzake, au kuwaonya bundi wengine wasiingie eneo lake.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila kibali, na ndege wamo. Lakini sheria iko mbali na mzazi aliyeshika jiwe saa nane za usiku, huku mtoto wake ana homa ndani. Tusimcheke. Homa ni ya kweli, na hofu yake ni ya kweli. Swali ni hili: anamwogopa nani?

Tangu kipaimara tumefundishwa kwamba Amri ya Kwanza inahusu huyo tunayemcha kuliko wote. Tukiamini kwamba ndege anaweza kuleta kifo nyumbani, tumempa mamlaka ambayo kila Jumapili tunakiri kuwa ni ya Mungu peke yake. Mambo ya Walawi 11 inamtaja bundi miongoni mwa ndege wasioliwa, haiagizi auawe.

Tena hofu hii haiishii kwa ndege. Nchini mwetu, hasa Kanda ya Ziwa, akina mama wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu tu, macho yaliyoumizwa na moshi wa kuni. Mkono uliozoea kumhukumu bundi bila ushahidi haukawii kumhukumu bibi.

Kwa hiyo, wapendwa, bundi akilia na mtoto akiwa na homa, tumwombee mtoto na tumpeleke zahanati. Kama maji yamekupwa na mtumbwi hauwezi kutoka, tumkande kwa maji na tukeshe naye mpaka maji yajae. Jiwe tuliache chini. Halijawahi kushusha homa ya mtoto yeyote.