Pikipiki Iliyotangulia

Mwezi uliopita, hapa Nyamirambo, pikipiki ilinipita karibu sana kwa nyuma. Niliruka hadi mtaroni. Motari akasimama, akavua kofia, akarudi kuniuliza, "Mama, umeumia?" Nikamjibu kwa matusi. Nikamwita muuaji. Kijana wa watu akabaki ananitazama tu.

Kwetu Masisi pikipiki zilikuja kwanza, risasi zikafuata. Tangu siku ile mwili wangu unasubiri risasi kila nikisikia pikipiki, na Kigali hii, jamani, unaweza kuikimbia pikipiki ukaenda wapi?

Usiku nilijiuliza: kosa ni langu, ama ni la ubongo wangu?

Seli za ubongo zinapelekeana ishara kupitia viungio vidogo mno. Mwaka 1998 Guo-qiang Bi na Mu-ming Poo walichapisha kazi waliyofanya kwa seli za panya zilizokuzwa maabara. Seli moja ikituma ishara, na ya pili ikalipuka baada yake ndani ya milisekunde kama 20 (yaani sekunde igawe mara 1,000, uchukue vipande 20), na jambo hilo likarudiwa, kiungio kati yao kinapata nguvu. Geuza mfuatano, ya pili itangulie, kiungio kinadhoofika. Seli ni zile zile. Kilichobadilika ni nani ametangulia.

Hapo ndipo naogopa. Kiungio hakijui nani alifanya jambo, kinajua nani alitangulia tu. Ni kweli, kati ya pikipiki na risasi zilipita dakika, si milisekunde, na hofu ya mtu ina njia ndefu kuliko kiungio kimoja. Lakini ubongo mzima nao una tabia hiyo: aliyetangulia anabebeshwa yaliyofuata. Na si pikipiki peke yake. Tulisikia lugha fulani, kisha mabaya yakaja. Leo mtoto wa jirani akiongea lugha hiyo bombani tunanuna.

Basi kuruka sikuchagua. Kwa hilo simwombi mtu msamaha, na nyinyi mnaotuhudumia, tafadhali, msituambie "zoea tu". Wanyarwanda wana neno ihahamuka kwa mtu anayeshikwa hivyo na yaliyopita. Wanajua si utundu.

Lakini tusi? Yule kijana alisimamisha pikipiki, akavua kofia, akatembea hatua kadhaa, akauliza. Hizo ni sekunde nyingi. Ndani yake nilimwona uso, niliona ni mtoto wa miaka ishirini hivi. Neno "muuaji" nililitoa mimi.

Nilimtafuta siku tatu pale wanapopaki. Nilipompata nikamwambia pole, nikamweleza kidogo habari za Masisi. Hakusema mengi. Akaninyoshea kofia ya abiria, bure, mpaka Nyabugogo. Nikamwambia leo hapana. Nikaishika ile kofia kidogo, huku pikipiki yake inanguruma, halafu nikamrudishia.