Chombo Chenye Nguvu na Mpandaji Asiyejifunza

Walimu wa dini wakitaka kupima neno la dhamiri, huweka mfano mbele ya wasikilizaji, kisha huuliza: Kosa li wapi? Mfano wa leo ni huu.

Mtu mmoja, mkristu wa ndoa, alilima kahawa mlimani miaka mingi, akauza, akaweka akiba. Hakumwibia mtu wala hakumdanganya mtu. Akashuka mjini, akataka kununua pikipiki kubwa ya magurudumu manne, ile iitwayo kwadi. Tangu kuzaliwa kwake alikuwa hajaendesha kitu ila baiskeli. Mwuzaji akamwonyesha nyingine ndogo, akamwambia: «Mzee, kwa mtu anayeanza, hii ndogo ingefaa. Tena ukae hapa siku tatu, kijana wangu akufundishe.» Akajibu: «Baiskeli ina magurudumu mawili, wala sianguki. Hii ina manne. Yasimama yenyewe! Nijifunze nini tena?» Zaidi ya hayo, aliona haya kurudi kijijini na chombo kidogo. Akanunua kile kikubwa.

Siku nane aliendesha katika barabara ya tambarare karibu na kanisa, wala hapakuwa na neno. Siku ya Dominika, baada ya Misa, akampakia mtoto wa mdogo wake nyuma yake, akashika njia ya mlimani. Katikati ya mwinuko magurudumu ya mbele yakainuka, mashine ikapinduka. Mwenyewe akatupwa kando, akachubuka mikono. Mtoto akaangukiwa na chuma, mguu wake ukavunjika.

Jioni watu wakakusanyika. Mmoja akasema: «Ni bahati mbaya tu.» Wa pili akasema: «Mungu ndiye aliyepanga.» Wa tatu akasema kwa sauti ndogo: «Mali mpya huamsha kijicho. Yule bibi wa ng'ambo ya mto aliitazama sana mashine ile.» Naye mwenye mashine akalia, akasema: «Sikutaka mabaya. Mtoto huyu ni mwanangu.»

Kila mmoja ametoa sababu yake. Yafaa zipimwe moja moja.

Kwanza, mashine yenyewe

Kabla ya kumtafuta mtu wa kulaumiwa, yafaa kutazama kitu chenyewe jinsi kilivyo. Kwadi kubwa ya kazi, yenye injini ya sentimita za ujazo 700, huwa na uzito wa kilo 300 hivi, yaani kama watu wanne au watano wazima. Mwili wake umeinuka juu ya nchi, na upana wake si mkubwa. Mpandaji huiketi kama mtu aketivyo juu ya farasi, naye huiongezea mwendo kwa kidole gumba tu. Mwili wa mpandaji ni sehemu ya mizani yake: akipanda mlima yampasa kuinama mbele, akishuka yampasa kurudi nyuma, akikata kona yampasa kuegemea upande wa ndani. Tena kwadi nyingi zimetengenezwa kwa mtu mmoja peke yake. Mtu wa pili akikaa nyuma, uzito wote huvutwa nyuma, na katika mwinuko magurudumu ya mbele huwa mepesi. Ndiyo yaliyotokea mlimani siku ile.

Na hapa pana jambo la kushangaza. Pikipiki ndogo ya magurudumu mawili humfundisha mpandaji wake upesi. Asiyejua huanguka siku ya kwanza, mlangoni pake, polepole. Huumia goti, watoto humcheka, naye hujua kwamba hajui. Kwadi haifanyi hivyo. Husimama yenyewe hata kama mpandaji hajui lolote. Humwacha aende, humpa ujasiri siku baada ya siku, mpaka afike mahali ambapo kosa la kwanza ni kubwa. Kusimama kwake katika tambarare kulimdanganya mtu yule. Alidhani uthabiti ule ni ujuzi wake mwenyewe.

Watu wa nchi zenye mashine hizi nyingi wamejifunza hayo kwa machozi. Katika Marekani zilitangulia mashine za namna hii zenye magurudumu matatu, zilizoanza kuuzwa mwaka 1970. Watu wengi waliumia na wengine wakafa, na watoto wengi miongoni mwao. Mwaka 1988 watengenezaji walikubali mbele ya mahakama kuacha kuuza mashine mpya za magurudumu matatu, na kuwapa wanunuzi wa zile za magurudumu manne nafasi ya kufundishwa. Tena walikubali kwamba mashine zenye injini kubwa zisiuzwe kwa ajili ya watoto wasiotimiza miaka 16. Katika Australia, ambako wakulima wengi wamekufa chini ya kwadi zilizopinduka, sheria yaamuru tangu mwezi wa Oktoba mwaka 2021 kwamba kila kwadi mpya ya kazi iuzwe ikiwa na kinga ya kumsaidia mpandaji asipondwe.

Basi sababu ya kupinduka yajulikana, nayo si bahati. Aliyesema «ni bahati mbaya tu» amelifunika swali, hakulijibu.

Je, ni uchawi?

Wakulima wa Australia hawamjui yule bibi wa ng'ambo ya mto, wala yeye hakuwatazama. Hata hivyo mashine zao zilipinduka vilevile. Yatosha kulijua hilo. Lakini neno lile lililosemwa kwa sauti ndogo si dogo. Ni kuvunja Amri ya Nane, kwa kuwa ni kumshuhudia jirani uongo. Tena laweza kufungua mlango wa kuvunja Amri ya Tano, kwa maana katika Kivu wako akina mama wazee waliofukuzwa makwao, hata kuuawa, kwa maneno ya namna hiyo. Mtu akivunjika mguu kwa kosa la mmoja, na mwingine akateswa kwa ajili yake, kosa limekuwa mawili, na la pili lapita la kwanza. Kumtafuta mchawi ni njia ya kale ya kuikimbia dhamiri.

Je, ni Mungu aliyepanga?

Hakuna kitu kinachompita Mungu. Lakini Injili yasimulia jinsi Shetani alivyomsimamisha Bwana Yezu juu ya kinara cha hekalu, akimshawishi ajitupe chini kwa kuwa malaika watamchukua. Bwana Yezu alikataa, akajibu kwamba si halali kumjaribu Mungu. Mtu apandaye mlimani juu ya chombo asichokijua, akiitumaini medali aliyoifunga mbele, afanana na mtu ajitupaye kutoka kinara kile. Medali ni kitu kitakatifu, nayo sala ni njema. Lakini Mungu amemwekea binadamu akili na mwalimu, naye hapendi sala itumike mahali pa breki.

Basi kosa li wapi?

Kununua mashine si dhambi. Nguvu si kitu kibaya. Moto una nguvu, maji ya mto yana nguvu, nayo ni kazi ya Mungu. Wala kutojua si dhambi, kwa kuwa kila mtu huzaliwa hajui. Lakini kuna kutojua kwa namna mbili. Mmoja hajui kwa sababu hakupata mtu wa kumfundisha. Wa pili hajui kwa sababu alifundishwa akakataa. Wa kwanza ni wa kuhurumiwa. Wa pili amejichagulia giza, na yatokayo katika giza hilo humrudia.

Mtu wa mfano huu alionywa. Alipewa siku tatu za kufundishwa. Alionyeshwa chombo kinacholingana na uwezo wake. Akakataa yote, si kwa sababu ya haja, bali kwa kuogopa kuonekana mdogo. Hapo, dukani, ndipo kosa lilipoanza. Mlimani lilionekana tu.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inapoeleza Amri ya Tano yafundisha kwamba wana hatia kubwa wale ambao kwa ulevi, au kwa kupenda mwendo wa kasi, huhatarisha maisha yao na ya wengine njiani. Haisemi kwamba watu hao walitaka kuua. Mwaka 2007 Baraza la Papa lililoshughulikia watu walio safarini lilitoa mashauri kwa wenye kuendesha vyombo, na mojawapo lawaonya wasifanye chombo kuwa njia ya kujionyesha wakuu na kutawala wengine. Basi neno «sikutaka mabaya» ni la kweli, lakini halitoshi. Atakaye mema hutaka pia njia za kuyafikia; na njia ya kumfikisha mtoto salama ni kujifunza kwanza.

Hatia yake yalingana na uzito gani? Mungu ndiye ajuaye moyo, na padri katika kitubio humsaidia mtu kuupima. Kama hakufahamu hatari kwa kweli, hatia yapungua. Lakini haiwi si kitu.

Ngazi ya Mtakatifu Tomasi

Mtakatifu Tomasi wa Akwino, mwalimu wa Kanisa aliyefariki mwaka 1274, aliitaja dhambi hii kwa jina lake: kukurupuka. Aliieleza kwa mfano wa mtu ashukaye kutoka juu. Mwenye busara hushuka daraja kwa daraja. Mwenye kukurupuka huziruka, akaanguka. Madaraja yenyewe, asema, ni haya: kukumbuka yaliyopita, kufahamu yaliyopo, kutazamia yatakayokuja, kulinganisha mambo kwa akili, na kupokea mashauri ya wakubwa.

Mtu yule aliyaruka yote matano. Hakukumbuka jinsi alivyojifunza baiskeli kwa kuanguka mara nyingi. Hakutazama njia ya mlimani jinsi ilivyo. Hakufikiri juu ya mtoto nyuma yake. Hakulinganisha tambarare na mwinuko. Wala hakumsikiliza mwuzaji, ambaye angepata faida kubwa zaidi kwa kunyamaza. Mhenga alisema kweli: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtu mzima akiinama mbele ya kijana mwenye ujuzi hapungukiwi na heshima. Anayekataa kuinama ndiye huinamishwa na chuma.

Yampasayo sasa

Kuungama ni lazima, lakini hakumalizi. Haki yataka aliyemwumiza mwenzake arudishe kadiri awezavyo. Yampasa kulipa gharama za hospitali, hata ikibidi kuiuza mashine. Yampasa kwenda kwa mdogo wake na kusema wazi: «Ndugu yangu, kosa ni langu. Nilionywa nikakataa.» Yampasa pia kusimama mbele ya watu na kumwondolea yule bibi mashaka, kwa kuwa yeye peke yake aweza kuyaondoa yote kwa neno moja la kweli. Huenda hilo la mwisho likawa gumu kuliko fedha. Kisha, akibaki na mashine, ajifunze polepole, peke yake katika tambarare, pamoja na mtu ajuaye, wala asimpakie mtu katika chombo cha mtu mmoja.

Neno kwa wakatekumeni

Wako wakatekumeni wanaonung'unika: «Sala tumezijua, amri tumezijua, mbona twangojeshwa?» Huo ni usemi wa mtu yule dukani. Mtoto wa mvuvi katika Ziwa Tanganyika hajui leo kupiga kasia na kesho akaenda kilindini. Huanza ufukoni, katika maji yanayofika magotini. Kadinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliwaagiza mapadri wake kwamba mtu mzima afundishwe na kujaribiwa miaka minne kabla ya kubatizwa. Mapadri hao walioingia Mpala, ufukoni mwa ziwa hilo, mwaka 1885, walikuwa na kanuni hiyo. Hawakuwanyima watu neema. Waliogopa kuwapa jina kubwa watu ambao wangeanguka nalo katika mwinuko wa kwanza, pamoja na watoto wao nyuma yao. Nalo Kanisa zima, katika kitabu cha ibada kilichotolewa mwaka 1972, limewawekea tena watu wazima hatua za ukatekumeni, moja baada ya moja.

Kwa maana siku za tambarare hazimpimi mkristu. Wakati wa shangwe, wakati wa nyimbo, kila mtu asimama, naye aweza kudhani kwamba imani ile imara ni ujuzi wake. Mwinuko huja baadaye: msiba, njaa, kishawishi cha kuoa mke wa pili, ugonjwa wa mtoto na shauri la kumwendea mganga wa mizimu. Hapo ndipo huonekana nani alijifunza kuinama mbele, na nani alipanda tu.

Mkatekumeni mwenye busara asione haya kuwa mwanafunzi. Akiulizwa jambo asilolijua, ajibu: «Sijui bado, nifundishwe.» Maneno hayo machache yangaliokoa mguu wa mtoto yule.