Nguvu na Uaminifu: Je, Muislamu Ajifunze Kupiga?



Ndugu zangu wanafunzi, hapa Koboko kijana akisema anataka kujifunza ngumi na mateke, hupata majibu mawili. Mmoja atamwambia huo ni uhuni. Mwingine atamkumbusha mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba muumini mwenye nguvu anapendeza zaidi mbele ya Allah kuliko muumini dhaifu, ingawa wote wana kheri. Tumsikilize nani?

Tuchukue mfano wa savate, mchezo wa ngumi na mateke wa Kifaransa. Ulitoka kwenye ugomvi wa mitaani Paris na kwa mabaharia wa Marseille, kisha katika karne ya 19 ukawekewa kanuni. Jina lake maana yake ni kiatu kikuukuu, na mpaka leo wachezaji huvaa viatu. Anayeanza hufundishwa kusimama vizuri, kusogea, ngumi chache, na kupiga teke kwa wayo peke yake, kwani goti na ugoko haviruhusiwi. Mashindano yake ni ya namna mbili. Katika namna moja watu hupigana kwa nguvu zote. Katika nyingine, iitwayo assaut, pointi hutolewa kwa ufundi wa kugusa tu, na anayepiga kwa nguvu huadhibiwa.

Kisheria, Mtume (S.A.W.) amekataza kupiga uso. Mwaka 1987 Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, liliharamisha ndondi kwa sababu ya madhara yake. Basi namna ya kwanza haitufai. Namna ya pili, ukiacha uso, ukasitiri uchi na usipoteze swala, inabaki kuwa mazoezi ya mwili.

Lakini swali zito ni la moyo. Wako wanaodai kwamba mchezo wenyewe humfundisha mtu kujizuia. Historia yetu inakataa. Idi Amin, ambaye asili ya ukoo wake ni hapa Koboko, alikuwa bingwa wa ngumi wa Uganda katika miaka ya 1950. Ulingoni alitii kengele na refa. Alipotawala, 1971 hadi 1979, hapakuwa na refa, na watu wengi waliuawa. Mwaka 1980 wanajeshi wenye kisasi wakawaadhibu raia wa West Nile wasio na hatia, na familia nyingi zikakimbilia Sudan na Zaire. Kanuni za ulingo huishia ulingoni.

Je, ndiyo kusema heri tusijifunze? Hapana. Tuisome Surat al-Qasas. Nabii Musa (A.S.) alimpiga mtu ngumi moja, akafa. Akajua kuwa hiyo ni kazi ya shetani, akaomba msamaha, akasamehewa. Aya chache mbele, mikono ile ile inawanyweshea mifugo mabinti wawili waliokuwa wakisubiri kisimani. Mmoja wao akamsifu kwa baba yake kwa mambo mawili pamoja: ana nguvu, na ni mwaminifu. Toba haikumwondolea Musa nguvu zake. Ilizifanya kuwa amana.

Hapo ndipo jibu lilipo. Nguvu bila uaminifu ni hatari. Na udhaifu nao si upole, kwani asiyejua kupiga ana ulimi wa kuumizia. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kwamba mwenye nguvu hasa ni anayejimiliki anapokasirika, si anayewaangusha wenzake.

Basi ndugu yangu, anayetaka kujifunza na ajifunze kwa masharti hayo. Ila asijipime kwa mateke yake. Ajipime siku atakapogombana na mwenziwe chumbani, au na mtu wa boda juu ya nauli, au na mdogo wake nyumbani, mahali ambapo hakuna refa isipokuwa Allah.

Wallahu a'lam.