Mfereji Nyuma ya Friji

Friji iliyounganishwa na bomba la maji inafanya kazi moja bila kuagizwa. Nyuma yake kuna paipu nyembamba, ya milimita 6 hivi, na ndani ya paipu hiyo maji yanasukuma usiku na mchana. Kalibu ya barafu ikiwa tupu, vali ya umeme inafunguka kwa sekunde chache, maji yanaingia, yanaganda, kisha vipande vya barafu vinalegezwa na kuangukia chomboni. Juu ya chombo kuna mkono wa waya. Barafu ikijaa, mkono unainuka na kazi inasimama. Ukichota, mkono unashuka, na friji inaita maji upya. Mwenye nyumba amelala. Barafu iliyotengenezwa saa nane za usiku ni kazi ya nani?

Wayahudi washika Sabato wamelazimika kulijibu swali hili, kwa kuwa kwao kazi hukoma jua la Ijumaa linapozama. Hawakuanzia kwenye friji. Talmudi, kitabu cha mafundisho ya marabi wao, inaruhusu mtu kufungua mfereji wa maji kuelekea bustani yake Ijumaa jioni, giza likikaribia, na bustani iendelee kunywa siku nzima ya mapumziko. Wafuasi wa mwalimu Shamai walitaka kazi zinazojiendesha ziwe zimekwisha kabla ya Sabato kuingia. Wafuasi wa mwalimu Hilel waliona inatosha mtu mwenyewe apumzike, na rai yao ndiyo iliyoshinda. Bustani ile ni babu wa friji ya leo. Kuunganisha paipu siku ya Alhamisi hakuna ubishi. Ubishi unaanza mkono wa mtu unapoigusa tena friji. Kufungua mlango kunaingiza joto, na joto linaweza kuiamsha mota. Wapo waliosema mlango ufunguliwe tu mota ikiwa tayari inanguruma. Rabi Shlomo Zalman Auerbach wa Yerusalemu, aliyefariki mwaka 1995, aliruhusu wakati wowote, maana mtu anataka chakula chake, na kuwaka kwa mota kunakuja baadaye, kwa njia ya kuzunguka. Kuchota barafu ni kugumu zaidi, kwani mkono wa waya ukishuka umeshaagiza nyingine. Ndiyo maana kabla ya magharibi ya Ijumaa mkono huo huinuliwa na kuachwa juu.

Asiyeshika Sabato anaweza kuyapita haya akiyaona ni mambo ya wenyewe. Naona atakuwa amepoteza kitu kikubwa. Hukumu ya mfereji inasema kwamba tendo lote limo katika kule kufungua. Kama maji ya Jumamosi hayamhesabii mkulima kazi ya Jumamosi, ni kwa sababu aliifanya Ijumaa, yote, mpaka tone la mwisho. Watu huishika nusu ya kwanza, ile inayowapumzisha, wakaiacha ya pili. Waislamu wanaijua nusu hiyo ya pili kwa upande wa thawabu. Saad bin Ubada, swahaba wa Mtume, alichimba kisima kwa ajili ya mama yake aliyekwisha kufa, na hadi leo kisima hicho hutajwa panapofundishwa sadaka yenye kuendelea. Hakuna anayedai kwamba thawabu husimama mchimbaji akisinzia, wala kwamba kila anayekunywa lazima kwanza amkumbuke. Ikiwa wema unaweza kutiririka kutoka kwa mtu ambaye hayupo tena, sioni ni kwa hoja gani tutauziba mkondo wa lawama.

Litasemwa kwamba mtu hadaiwi asichokijua. Paipu ya plastiki imechakaa kimyakimya kwa miaka, ikapasuka familia ikiwa safarini, dari ya jirani wa chini ikaporomoka: kosa liko wapi? Pingamizi hili ni la haki. Mejele, sheria ya Kiothmania iliyotungwa kati ya 1869 na 1876, ilimtenga anayeharibu kwa mkono wake na anayesababisha tu. Wa kwanza hulipa hata bila kukusudia, wa pili pale alipovuka mpaka. Lakini kwa friji, mpaka unajulikana. Koki ipo, na kuifunga kabla ya safari hakuchukui dakika mbili. Fundi bomba anajua kwamba plastiki hukakamaa na kupasuka, na kwamba mpira uliosukiwa waya wa chuma huhimili zaidi. Aliyeambiwa haya akapuuza hawezi kuiita hasara ya jirani ajali. Na wanaosema mashine za leo zinaamua zenyewe wautazame ule mkono wa waya: unainuliwa na barafu tu, basi, na kihisio cha kielektroniki kinachoshika nafasi yake hakifanyi zaidi ya kupima kile kilichoagizwa na aliyekitengeneza.

Kigumu zaidi kwangu ni suala la mpangaji. Yeye hakuunganisha chochote. Ameikuta paipu na friji imeegemezwa ukutani. Hapa Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinasaidia. Kinapozungumzia shimo lililoachwa wazi hata ng'ombe au punda akatumbukia, hakimtaji mchimbaji peke yake. Kinamtaja na aliyelifunua shimo lililokuwapo, na wote wawili wanapaswa kulipa. Mpangaji anapokabidhiwa ufunguo amekabidhiwa na ile koki, na tangu siku hiyo kuiacha wazi ni uamuzi wake, hata kama hajawahi kuisogeza friji aone ilipo.